Kushinda bila kumkanyaga aliyeanguka: funzo la Rabat kwa vijana wa Luberizi

Goli moja tu, dakika ya 119. Hivyo ndivyo Léopards wa Kongo walivyotolewa katika Kombe la Afrika na Algeria, tarehe 6 mwezi wa kwanza 2026 huko Rabat, Morocco. Aliyefunga ni Adil Boulbina, wakati wengi walikuwa wameshaanza kufikiria penalti. Lakini kilichowaumiza Wakongomani zaidi usiku ule kilikuja baada ya filimbi ya mwisho, na hakikuwa goli.

Mchezaji mmoja wa Algeria, Mohamed Amoura, alisimama wima mbele ya majukwaa, akainua mkono kama sanamu, kisha akajiangusha chini. Kila aliyefuata mashindano yale alielewa anamwiga nani. Alikuwa anamcheka Michel Kuka Mboladinga, shabiki wetu aliyesimama bila kutikisika katika kila mechi ya Kongo, mkono wa kuume juu, kama sanamu ya Patrice Lumumba iliyoko Limete, Kinshasa.

Picha hizo zilifika mpaka kwetu katika bonde la Ruzizi. Huku Luberizi, Sange, Luvungi na Uvira, watu wengi walikuwa na shida kubwa kuliko mpira. Vita vya mwezi wa kumi na mbili vilikuwa vimeshuka katika bonde, na maelfu ya watu walikuwa wamevuka mto kuingia Burundi. Hata hivyo simu zilipitishwa kutoka mkono mpaka mkono, na hasira ilikuwa moja. Hasira hiyo inafaa tuitazame vizuri, maana jambo lililotuuma ni jambo tunalolifanya sisi wenyewe kila siku ya Mungu kwenye viwanja vyetu vya vumbi.

Alichokanyaga bila kujua

Lumumba aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961 huko Katanga, miezi michache tu baada ya kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Mwili wake haukuzikwa kama watu wanavyozikwa. Kilichobaki ni jino moja, ambalo Ubelgiji ililirudisha mwaka 2022, zaidi ya miaka 60 baadaye. Kwa hiyo mtu anaposimama dakika 90, na wakati mwingine 120, akiwa katika umbo la Lumumba, hafanyi mchezo wa kuchekesha. Anabeba msiba wa nchi nzima kwa mkono mmoja.

Amoura hakulijua hilo. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe baadaye alipoomba radhi kwenye mtandao: hakujua yule mtu anawakilisha nini, alitaka utani tu. Tunaweza kumwamini. Ila hapo ndipo penye funzo la kwanza. Ushindi humpa mtu ujasiri wa kucheka kitu asichokijua. Kama angefungwa dakika ile ya 119, angeingia kwenye chumba cha kubadilishia nguo kichwa chini, na asingemwona Mboladinga hata kidogo. Ushindi ndio uliomfungulia mlango wa dharau.

Tuseme pia la haki juu yake. Kijana huyo aliomba radhi haraka, hadharani, bila kulaumu mtu mwingine. Upande wa Algeria ulimpokea Mboladinga na kumpa jezi. Wako viongozi wengi katika nchi yetu ambao hawajawahi kusema neno moja la msamaha kwa makosa makubwa mara elfu kuliko lile. Unyenyekevu una njia mbili. Ya kwanza ni kutodharau. Ya pili, kwa aliyekwisha kudharau, ni kurudi na kukiri. Njia ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, na Amoura aliipita.

Siku nne baadaye, tarehe 10, Algeria yenyewe ilitolewa na Nigeria kwa magoli 2 kwa 0 huko Marrakech. Akor Adams alipofunga goli la pili alisimama wima, akainua mkono kama Lumumba. Kwa Mkongomani ile ilikuwa heshima. Kwa mtu wa Algeria ilikuwa kijembe. Mkono ni uleule na umbo ni lilelile, lakini maana inategemea unamwelekezea nani. Wazee wetu walisema kwamba aliye juu mngoje chini. Safari hii hakungojewa hata wiki moja.

Na sisi tuliwacheka Wanigeria

Hapa tujitazame. Tarehe 16 mwezi wa kumi na moja 2025, katika mji uleule wa Rabat, Léopards waliitoa Nigeria kwa penalti katika mchujo wa Kombe la Dunia. Mechi ilikuwa imekwisha 1 kwa 1. Nigeria ilitangulia, Meschack Elia akasawazisha, kipa Timothy Fayulu akaingizwa mwishoni kwa ajili ya penalti, na kapteni Chancel Mbemba akapiga ile ya ushindi. Siku tatu kabla, Mbemba huyohuyo ndiye aliyeifunga Kameruni katika dakika za nyongeza.

Tulifurahi, na tulikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wengi wetu hatukuishia hapo. Kwa wiki nzima vikundi vya WhatsApp vilijaa picha za kuwacheka Wanigeria: wachezaji wao, nchi yao, hata mama zao. Ni kweli kwamba kocha wao, Eric Chelle, alituchokoza aliposema kuwa upande wa Kongo ulitumia uchawi wakati wa penalti. Shirikisho lao likaenda kushitaki kwa FIFA kuhusu uraia wa baadhi ya wachezaji wetu. Kumbe kukosa unyenyekevu si ugonjwa wa mshindi peke yake. Anayeshindwa naye anaweza kukataa kukubali kwamba mwenzake alikuwa bora siku ile, akatafuta mchawi.

Hata hivyo swali linabaki: sisi tulifanya nini na ushindi wetu? Halafu miezi miwili haikupita, Mnigeria mmoja akasimama Marrakech akamwinulia mkono mtu wetu. Wako waliokuwa wamewatukana Wanigeria mwezi wa kumi na moja ambao sasa waliandika kwamba Wanigeria ni ndugu zetu. Ingekuwa vizuri tungelikumbuka hilo kabla.

Tena, kabla ya Nigeria, tulikwisha kupewa onyo letu. Tarehe 9 mwezi wa tisa 2025, kwenye uwanja wa Martyrs, Kinshasa, Kongo iliongoza Senegal 2 kwa 0. Watu walishaanza kuhesabu tiketi ya kwenda Amerika. Senegal ilirudi, ikafunga moja, mbili, tatu. Mechi ikaisha 2 kwa 3, na nafasi ya kufuzu moja kwa moja ikatuponyoka. Njia ndefu ya mchujo, yenye Kameruni na Nigeria, ilianzia hapo. Ushindi unaoshangiliwa kabla ya filimbi ni deni.

Furaha siyo dharau

Kijana wa Luberizi anaweza kuuliza: je, nikifunga goli ninyamaze? Hapana. Mpira bila furaha ni kazi ya shamba isiyo na mavuno. Tofauti iko mahali pengine, na mifano tunayo hapa nyumbani.

Mwaka 2010 TP Mazembe ya Lubumbashi ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la vilabu, huko Abu Dhabi. Iliitoa Internacional ya Brazili kwa 2 kwa 0, kisha ikafungwa 3 kwa 0 na Inter ya Italia katika fainali. Dunia nzima ilimkumbuka kipa Robert Kidiaba, aliyekuwa akishangilia kwa kurukaruka uwanjani akiwa amekaa kwa makalio. Ilikuwa kioja. Lakini hakuna aliyetukanwa. Kidiaba alikuwa anajichekesha mwenyewe, siyo kumcheka mwenzake aliyefungwa.

Mfano wa karibu zaidi ni Fiston Mayele. Alipokuwa Young Africans ya Dar es Salaam, kila alipofunga alitetema mwili mzima, na Tanzania nzima ikatetema naye, watoto wa shule na wazee wa soko. Msimu wa 2022-2023 alimaliza na magoli 17 katika ligi ya Tanzania, sawa na Mrundi Saidi Ntibazonkiza wa Simba, na timu yake ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Baadaye akaenda Pyramids ya Misri, akafunga katika fainali ya mwaka 2025 iliyowapa ubingwa wa Afrika. Mgeni, Mkongomani, katika nchi za watu, na bado kutetema kwake kulipendwa. Kwa nini? Kwa sababu kila mtu angeweza kuingia katika furaha ile. Haikuwa na mtu wa kufukuzwa.

Basi kipimo ni rahisi. Ukishangilia, tazama kama aliyeshindwa anaweza kukutazama bila kudhalilika. Kama anaweza, endelea hata usiku kucha. Kama hawezi, umeshavuka mpaka.

Mwaka 1974: kutoka juu mpaka chini kwa miezi mitatu

Wazee wa Kongo wanaijua hadithi hii, lakini vijana wengi hawajaisikia yote. Mwezi wa tatu 1974, huko Cairo, Zaire ilichukua Kombe la Afrika. Fainali na Zambia ilirudiwa: 2 kwa 2, halafu 2 kwa 0. Magoli yote manne ya Zaire yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Alimaliza mashindano na magoli 9, na hakuna mchezaji aliyeivunja rekodi hiyo mpaka leo.

Mwezi wa sita timu hiyohiyo ilikuwa Ujerumani, nchi ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza Kombe la Dunia. Ilifungwa 2 kwa 0 na Scotland, 9 kwa 0 na Yugoslavia, 3 kwa 0 na Brazili. Wachezaji walikuwa na hasira kwa sababu pesa walizoahidiwa hazikuwafikia. Mwepu Ilunga alieleza baadaye kwamba kabla ya mechi na Brazili walitishwa na watu wa Mobutu: wakifungwa zaidi ya magoli fulani wasirudi nyumbani. Utawala uliojipamba na kombe lao mwezi wa tatu uliwatupa mwezi wa sita.

Na Ndaye? Mwaka 1994 alialikwa Tunisia kupewa heshima. Aliporudi nyumbani wanyang'anyi walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Alikimbilia Afrika Kusini, akaishi maisha ya shida. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya kumkumbuka kama marehemu, naye yuko hai. Alifariki kweli Johannesburg tarehe 26 mwezi wa kwanza 2019.

Hadithi hii inatufundisha mambo mawili, na tusichukue moja tu. La kwanza ni lile linalosemwa kila mara: sifa hupita, usijenge nyumba juu yake. La pili husahauliwa. Unyenyekevu si kukubali kunyang'anywa. Wachezaji wa 1974 walipodai haki yao hawakuwa na kiburi. Mwenye kiburi alikuwa yule aliyekula pesa zao na bado akataka wamletee sifa. Katika nchi yetu wakubwa hupenda kuhubiri unyenyekevu kwa wadogo: kwa mchezaji asiyelipwa, kwa mwalimu, kwa askari. Unyenyekevu wa kweli humdai zaidi aliye juu, kwa sababu yeye ndiye mwenye uwezo wa kukanyaga.

Sifa inamtumikia nani?

Tarehe 7 mwezi wa pili 2024, huko Abidjan, Léopards waliingia nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya wenyeji, Côte d'Ivoire. Ilikuwa siku kubwa kuliko zote kwa wengi wao. Wimbo wa taifa ulipopigwa, wachezaji waliziba midomo kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanaiambia dunia: watu wanauawa mashariki mwa Kongo, na nyinyi mmenyamaza. Walifungwa 1 kwa 0 usiku ule. Lakini mkaaji wa Kivu akiulizwa leo juu ya mechi ile, hakumbuki goli. Anakumbuka vidole vile.

Wengi wa wachezaji hao wamekulia Kinshasa au Ulaya, mbali sana na Ruzizi. Wangeweza kutumia dakika zile kujionyesha wao. Walizitoa kwa watu wasiowajua, na hilo ndilo tendo la unyenyekevu lililo wazi kuliko yote.

Dikembe Mutombo, aliyecheza mpira wa kikapu Marekani, alifanya hivyo kwa njia yake. Mama yake alifariki Kinshasa mwaka 1997 bila kufika hospitali. Mtoto akarudi na mamilioni yake ya dola, akajenga hospitali yenye jina la mama, Biamba Marie Mutombo. Alifariki tarehe 30 mwezi wa tisa 2024, na hospitali ingali inapokea wagonjwa. Bismack Biyombo wa Lubumbashi naye, baada ya kufiwa na baba, alitoa mshahara wake wote wa msimu ule, dola milioni 1.3, kwa ajili ya kujenga hospitali Kongo.

Si kila mchezaji ana milioni. Kijana anayechezea timu ya kijiji hana hata viatu viwili vinavyolingana. Lakini swali ni lilelile: sifa uliyopata inafanya kazi kwa ajili ya nani?

Kwa nini jambo hili ni zito hapa Luberizi

Mahali pengine, matusi baada ya mechi huishia kwenye chupa ya bia. Katika bonde la Ruzizi hayaishii hapo kila mara.

Tunakaa pamoja, Bafuliiru, Barundi, Banyamulenge, Bavira, Bashi na wengine, katika ardhi iliyobishaniwa muda mrefu: mashamba, ng'ombe, mamlaka ya kimila. Usiku wa tarehe 6 mwezi wa sita 2014, watu zaidi ya 30 waliuawa Mutarule, jirani na hapa. Tangu wakati huo mpaka vita vya juzi, hatujapumzika sana. Kila kijiji kina kaburi lake, na kila kaburi lina jina la jirani anayelaumiwa.

Sasa chukua timu mbili za vijana kutoka vijiji viwili. Moja inashinda. Wimbo wa kushangilia unaanza kwa majina ya wachezaji, halafu unaingia kwenye jina la kijiji, halafu jina la kabila. Aliyeimba alikuwa anatania, kama Amoura. Hakujua kwamba kati ya wale wanaosikiliza yuko kijana aliyemzika baba yake. Hakujua anakanyaga nini. Na huku kwetu, aliyekanyagwa hapandishi video kwenye mtandao akangoja kuombwa radhi. Anaweza kurudi na wenzake.

Mpira wenyewe ulikwisha kutuunganisha hata katika msiba. Tarehe 2 mwezi wa saba 2010, gari la mafuta lilipinduka Sange likalipuka, watu zaidi ya 230 wakafa. Kati yao walikuwamo waliokusanyika kwenye nyumba za sinema kutazama Kombe la Dunia. Walikuwa wamekaa kwenye mabenchi yaleyale, macho kwenye televisheni ileile, na wengi wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Watu waliokufa pamoja wakitazama mpira wanatudai angalau tuweze kuucheza bila kutukanana.

Yanayoweza kufanyika kiwanjani

Hapahitajiki mradi wala semina. Kocha wa timu ya vijana anaweza kuamua kwamba nyimbo za makabila haziimbwi, na anayeanza kuimba anakaa nje mechi inayofuata, hata kama ndiye mfungaji bora. Kapteni wa timu iliyoshinda anaweza kuvuka kiwanja kwenda kuwapa mkono walioshindwa kabla ya kushangilia na watu wake. Ni dakika moja tu, na inabadilisha jioni nzima. Wazee na wachungaji wanaoalikwa kufungua mechi wangebaki mpaka mwisho, maana hatari iko kwenye kufunga, siyo kwenye kufungua.

Na kwa wazazi: mtoto akirudi na kombe la plastiki, msifuni. Halafu mwulizeni jina la kipa aliyemfunga. Kama halijui, bado hajaiona mechi yote.

Kwa mwezi wa tatu 2026 Léopards walipangiwa kwenda Mexico, mechi moja dhidi ya mshindi kati ya Jamaica na New Caledonia. Ushindi ungeirudisha Kongo Kombe la Dunia mara ya kwanza tangu 1974, katika kundi la Ureno, Colombia na Uzbekistan. Tuliomba iwe hivyo. Ushindi wa namna hiyo hulifanya bonde lote lipige kelele, walio nyumbani na walio ng'ambo ya mto. Ila usiku kama huo huwa kuna watu wa kisiwa kidogo cha mbali, nao huwa wamekaa mbele ya televisheni wakilia kama Mboladinga alivyolia Rabat. Hatuwajui, na hatujui wanabeba nini. Tushangilie kwa nguvu zetu zote, na tusiwaguse.